Kinga na Kinga

Nilikosa kikao kimoja, Jumatano, kwa ajili ya jino.
Niliporudi, shavu limevimba, barua ilinisubiri mezani:
Afisa wa Usalama na Afya, Jengo la Sanaa, ghorofa zote tatu.
Mimi, mwalimu wa sarufi.
Wakanipa fulana ya rangi ya chungwa
na kipaza sauti kisicho betri.

Nikapita mlango kwa mlango na daftari, kama mdai kodi.
Kizimamoto cha chini kimewekwa kigingi
mlango wa Idara ya Historia usijifunge.
Kadi yake ya ukaguzi imeliwa na chumvi ya hewa ya Tudor,
hata mwaka hausomeki.
"Ukikiondoa," wakaniambia, "joto litatuua kabla ya huo moto wako."
Nikaandika: joto.

Kwa Daktari Badawy soketi moja
inanyonyesha birika, feni, kompyuta mbili
na friji ndogo ya dawa yake ya sukari.
Nilitaka kumwambia achomoe.
Achomoe nini?
Nikaandika: soketi. Nikanywa chai yake.

Mlango wa dharura una kufuli tangu projekta iibwe.
Ufunguo anao Mzee Chengo.
Mzee Chengo amestaafu tangu Machi,
yuko kwao Kaloleni, analima mihogo.

Darasani nafundisha: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Nawaeleza wanafunzi, kinga hapo ni kijinga,
ukuni wenye ncha nyekundu,
si ile kinga inayoshinda tiba.
Neno moja, na ndani yake wamepanga
anayechoma na anayezuia,
ukuta kwa ukuta, bila kugombana.
Wao huandika. Mwaka wa kumi na tisa huu nalisema,
na sijawahi kugeuka kutazama waya juu ya ubao.

Zoezi likawa Alhamisi, saa nne.
Kengele ikalia.
Profesa Mwero akasema anamalizia swali la tatu.
Wawili walirudi kuchukua pochi.
Mhasibu alifunga droo, akaifungua, akaifunga.
Mtu fulani, simtaji, alidhani ni kengele ya shule ya jirani
akafunga dirisha.

Aliyewatoa ni Nyevu wa usafi.
Alipanda hadi juu kabisa, akashuka chumba kwa chumba
akigonga milango kwa mpini wa ufagio,
kikohozi chake kikimtangulia kama king'ora cha pili.
Kikohozi hicho alikipata hapa hapa, mwaka jana,
alipochanganya jiki na asidi ya vigae
katika choo kisicho dirisha.
Aliambiwa anywe maziwa.

Dakika kumi na saba.
Moto usingekubali kusubiri swali la tatu.

Tukasimama penye maegesho, jua limetukalia utosini.
Orodha ya ofisi kuu ina majina arobaini na moja.
Nikahesabu vichwa: arobaini na viwili.
Nikarudia kwa kidole, nikitoa jasho ndani ya chungwa langu:
arobaini na viwili.
Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyepungua.
Hakuna aliyenifundisha la kufanya na aliyezidi.

Nikaita majina. Kila jina likapata mwenyewe.
Akabaki mmoja, ameegemea ufagio.
"Mimi simo, mwalimu," akasema. "Mimi ni wa kampuni."
Hakulalamika. Alisema kama mtu
anayekutajia saa njiani.

Kwa hiyo, lau moshi ungekuwa moshi,
tungesimama hapa arobaini na mmoja,
orodha imetimia,
tukipeana pole na pongezi.

Fomu haikuwa na safu tupu.
Nikamwandika pembezoni, kwa wino wa kusahihishia:
Nyevu Mwachiro. Anakohoa. Alitutoa.
Ofisi kuu wakairudisha: andika ndani ya mistari.
Nimeipeleka tena, vile vile.

Leo nimempigia Mzee Chengo.
Kwa mbali nikasikia jembe likiwekwa chini.
"Ufunguo?" akauliza. "Ufunguo upi?"