Vidole Vitatu

Septemba ulikuwa uzi.
Uzi mweupe wa kutungia vifungo,
umelala ukutani chumbani kwetu
toka pembe ya dirisha hadi sakafuni.
Cibalonza, mke wangu, alidhani ni utando wa buibui,
akaupangusa kwa kitambaa. Haukutoka.
Nikachukua chaki ya cherehani,
nikaweka alama na tarehe,
kama nimpimavyo mteja nisiyemwamini.

Oktoba, utepe.
Novemba, kidole.
Mimi fundi wa nguo, Funu, avenyu isiyo na kibao,
najua kitambaa kinapotaka kuachana:
hakipigi kelele, huanza kulegea mshononi.
Udongo wa Bukavu ni hivyo hivyo,
ukikauka ni tofali, ukilowa ni sabuni.

Juu yetu Mushagalusa alikata mikaratusi yake yote,
akalipa ada ya watoto watatu.
Nani angemwambia asikate?
Mimi mwenyewe nilinunua mbao nne, nikapanua duka.
Chini yetu mfereji umejaa chupa za plastiki.
Zinashuka ziwani, zinafika Ruzizi,
zinakaba mitambo ya umeme,
nasi tunalaani giza, tunashona kwa kibatari,
tunamaliza maji, tunatupa chupa dirishani.

Mtu wa komini alikuja na kopo la rangi nyekundu,
akachora msalaba mlangoni.
"Hameni."
"Wapi?"
Akatazama mlima, akatazama mlima mwingine,
nyumba zimebanana mabega hadi kileleni.
Akafunga kopo lake.
Mama Nsimire wa nyumba ya chini alicheka:
"Njo vile! Musalaba tuko nao tangu ubatizo."

Jioni redio ikataja nchi ya mbali
ambako moto umekula msitu wiki nzima,
na nyingine ambako mto umeingia kanisani ukakaa viti vya mbele.
Nikautazama ukuta.
Nikajiuliza kama ufa wangu una ndugu.

Desemba Mama Nsimire akaleta kitambaa cha buluu,
sketi ya shule ya binti yake.
Kiuno hamsini na nne. Mtoto anacheka, utepe unamtekenya.
"Acha pindo kubwa, fundi, avae mpaka darasa la tano."
Nikaacha vidole vitatu.

Usiku ule nao ukuta ulitimiza vidole vitatu.
Niliandika tarehe.
Sikumwambia mtu. Ningesema nini,
mimi niliyekuwa sina pa kwenda?
Nikazima kibatari.

Mvua ya siku mbili.
Saa tisa usiku, si ngurumo, hapana:
kitambaa kizito kinachanwa,
kirefu, polepole,
na anayechana hana haraka.

Nyumba yetu ilibaki, nusu ya sakafu ikining'inia hewani.
Ya chini haikuwepo.

Tulichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa vipande vya mabati.
Mushagalusa alichimba bila shati, bila neno,
kucha zake zikageuka rangi ya kilima.
Siku ya tatu mkono wangu ukashika pindo.
Buluu. Halijafumuka hata tundu moja.
Mishono yangu ilishika.
Sijawahi kuuchukia ufundi wangu namna ile.

Sasa tunakaa kwa shemeji, mtelemko mwingine,
udongo ule ule.
Wateja wamerudi. Wanataka pindo kubwa, naacha pindo kubwa.
Chaki inalala mfukoni mwangu,
na usiku, kabla ya sala, kiganja changu hutembea ukutani.

Juzi, karibu na dirisha, kiligusa uzi.
Nikaamsha nyumba nzima.
Nikagonga kwa jirani wa chini, na wa chini yake,
nikawatoa mvuani na vitoto na magodoro,
bibi mmoja amebebwa mgongoni, ameshika kuku wake.
Walinitukana hadi kukapambazuka.

Ulikuwa utando wa buibui.