Shingo Nayo

Miaka thelathini na mmoja nilipima shanga za watu
katika kiwanda cha kioo, kando ya mto Nisa, Jablonec.
Elfu kwa elfu, kwa mizani, si kwa kidole.
Zilikwenda zikavaliwa sijui wapi, sijui na nani,
nami nikirudi nyumbani na fulana nyeusi, shingo tupu
kama mlingoti usio na bendera.

Siku ya kustaafu walinipa keki, saa ya ukutani,
na gunia la shanga za kasoro:
zilizotobolewa upande, zilizokaa motoni zikapitiliza,
nyekundu iliyokusudiwa kuwa waridi.
Nikalisukuma chini ya kitanda. Likakaa miaka miwili.

Leo Jumanne theluji imeziba mlango wa ua.
Nimelivuta gunia.
Nimetandika taulo mezani, maana juu ya mbao tupu
shanga hukimbia kama watoto waliosikia kengele,
nikazigawa kwenye bati la vikeki, vishimo kumi na viwili:
manjano ya haradali, buluu, kijani cha chupa,
zambarau, chungwa, ile nyekundu iliyokosea,
na kishimo cha mwisho ni cha zile
zisizojijua ni za rangi gani.

Thuý wa duka la chini amepanda na mshipi wa kuvulia samaki.
"Uzi wa pamba utakukatikia mbele za watu," anasema,
binti wa miaka kumi na tisa, kila ukucha na rangi yake.
Anatazama nilichoanza: nyeupe, kijivu, nyeupe.
"Bibi Bohdana, unatunga kidani au unaandika barua ya benki?"

Nimefumua.

Tumeweka zambarau ubavuni mwa chungwa; zikagombana.
"Ziache. Tia manjano katikati, isuluhishe."
Manjano haikusuluhisha kitu. Ilijiunga na ugomvi.
Hapo ndipo nilipoanza kupenda.

Fundo, tone la gundi, fundo juu ya fundo.
Mstari mmoja, mitatu, mitano,
kila mmoja umzidi mwenzake kwa upana wa dole gumba
ili isilaliane kifuani.
Sindano imenidunga mara mbili. Chai imepoa na ngozi juu.
Ushanga mmoja haushangazi mtu;
mia nane zikishikana mikono,
hata mimi nimerudisha kiti nyuma.

Ni cha kuvaa Jumamosi.
Mdogo wangu Zdislava anaolewa mara ya tatu,
na kadi ya mwaliko imeorodhesha rangi zinazoruhusiwa:
maziwa, mchanga, ukungu.
Wanawake wa umri wetu, husema, wasivae rangi za kupiga kelele.
Haya. Chanda chema huvikwa pete,
na chake kimevikwa, kikavuliwa, kikavikwa.
Na shingo nayo,
iliyobeba kichwa hiki miaka sitini na mitatu bila kuulizwa,
ikijivika yenyewe, kosa liko wapi?

Thuý ananifunga kishikizo kisogoni.
Kwanza ni baridi, baridi ya kioo kilichokaa sakafuni,
na uzito, kama mtu ameniwekea mkono asiondoe.
Halafu, polepole, kinachukua joto langu.
Nimekwenda kwenye kioo cha ukumbini, pale taa inapopepesa.
Nikigeuka, kinalia: chwaa,
kama mchanga unaomwagwa kwenye bakuli.
Kwa hiyo kelele anazo. Mdogo wangu alisema kweli.

Thuý amekunja taulo. Ndani yake umebaki ushanga mmoja,
mwekundu, mviringo kamili, usio na tundu.
Hautungiki popote.
Nimeutia mfukoni mwa koti la Jumamosi.
Zdislava alipokuwa mdogo aliwahi kumeza mmoja kama huo,
akalia usiku kucha akiniuliza
kama utaota ndani ya tumbo.
Nilimwambia utaota.