Manjano ya Wifi

Wamefika kumi na tisa kutoka Porbandar
na pipa la samli, na masanduku ya kamba,
na mashine ya kusagia dengu, utadhani Tanga
tunasaga kwa meno.
Ghorofa ya mavyaa, Mtaa wa Usambara,
imejaa hadi ngazini. Usiku nikikosa usingizi
nahesabu viatu vya mlangoni:
jozi hamsini na moja, na kandambili isiyo na mwenzake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe langu halikungoja ya tatu.
Fui, dada yake bavyaa, alinikuta kando ya karo
akanipakatisha masufuria saba,
akanionyesha bomba kwa kidevu.
Nikasugua. Ningesema nini? Kigujarati changu
ni maneno manane, sita ni vyakula.
Hitesh akaingia, akaniona na povu hadi viwikoni,
akapaza sauti neno moja tu: Vahu!
Yaani mkazamwana.
Fui akaziba mdomo, akacheka, akaleta kiti,
na kiti kile kikaniuma kuliko masufuria,

maana aliyeshika dodoki baada yangu
ni Bi Hidaya wa Mkuzi, vijiji viwili kutoka kwetu.
Miaka ishirini na sita humu ndani. Anajua
mungu yupi hupewa nazi na yupi ndizi,
huwagombeza wajukuu kwa lugha yao wenyewe.
Mbele za watu huniita mama.
Stoo, baina ya magunia, huniita kwa jina la bibi yangu,
ananong'ona: Usivae nyeupe kesho.
Nyama usiitaje hata kwa hadithi.
Na ukiwa mwezini, sema unaumwa kichwa.
Na wao husema hivyohivyo.

Siku ya manjano nikaumwa kichwa.

Wakaniachia roshani ya nyuma, kwenye kamba za nguo.
Ndani wanamsinga Hetal, wifi yangu,
wanaimba, wanapiga vigelegele visivyo vyetu,
lakini harufu, ile harufu, naijua:
shangazi zangu walinisinga nayo Muheza
siku tatu, kwa liwa, kwa matusi ya kufundia,
kabla ya ndoa ya bomani ya dakika kumi
ambayo mavyaa hakuja.
Alituma sahani. Dazeni mbili,
wala moja haikuvunjika njiani.

Roshanini nilimkuta Ba, bibi yao,
miaka themanini na kitu, mjane.
Mkono wa mjane haumgusi bibi harusi.
Hilo sikuambiwa na mtu; nililisoma
jinsi kiti chake kilivyoupa mlango mgongo.
Tukakaa. Tukakaa sana.
Akaokota kipande cha sabuni pale beseni: Sabu, akasema.
Sabuni, nikasema.
Akavuta pindo la kanga yangu: Rang.
Rangi.
Akanyoosha mkono kule chini, kwenye baiskeli,
muuza machungwa, mbwa aliyelala katikati ya njia,
jua, mabati, vyote: Duniya.
Nikakosa la kujibu, kwa kuwa lilikuwa lilelile.

Mara mlango ukafunguka. Hetal,
wa manjano hadi kwenye kope, amepanua mikono
kama nguo iliyotiwa wanga.
"Linakauka hili, lawasha," akasema
kwa Kiswahili chake cha Ngamiani, cha kuvuta,
"nikuneni mgongo, jamani. Ndani kule
kila mtu anaimba."
Ba akanitazama. Nikamtazama Ba.
Yeye akachukua bega la kulia, mimi la kushoto.

Jioni kwenye karo Fui akanishika vidole,
akaziangalia kucha. Akaenda roshanini,
akaziangalia za Ba. Akarudi polepole,
akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.
"Kichwa?" akauliza. Neno hilo
kalitoa wapi, sijui.
Kimepona, nikasema.

Akanipa masufuria.