Sakafu ya Plaiwudi

Viti vya nyuma nimeving'oa. Viko sebuleni, hapa Lewiston,
vimetazamana kama wageni wasiojuana.
Boliti zilikuwa zimeliwa na chumvi ya barabara za theluji;
moja iligoma mpaka nikaitukana Kibembe, ikalegea.

Kipimo nilikikata kwa boksi la friji,
nikakipunguza, nikakipunguza tena,
na bado tao la gurudumu la kushoto likanishinda:
pengo la vidole viwili,
nimelitia kiraka kama goti la suruali.
Chini nimesimamisha vigingi,
maana Toyota hii ina mabonde
pale abiria walipoweka miguu.

Shemeji Wilondja akachungulia: "Na mama akija, atakaa wapi?"
Nilikuwa na skrubu mdomoni.
Usaili wake wa viza umeahirishwa mara tatu.

Jumamosi napakia unga wa muhogo, ndoo za mawese,
sambaza wakavu. Gunia linateleza vizuri
juu ya zulia kuukuu.

Ila boliti nimezipaka grisi, zote kumi na mbili,
zimo koponi juu ya kabati.
Na sakafu sikuigundisha.
Nati nne tu, za kufungua kwa mkono.