Mkaa Nyuma ya Mlango

Kabla ya sanduku kuingia Kuze
zawadi yetu ilikuwa mji.
Bibi akitega, ukishindwa, unalipa:
Nipe mji. — Chukua Lamu.
Lamu siitaki, nimetoka juzi.
— Basi chukua Mombasa.
Naye akaichukua, bandari, reli na ushuru wake,
akatuhadithia alivyopokewa: zulia, tambuu,
halua sahani mbili,
mwanamke ambaye hata chumba alichotegea
alikilipia kodi kila mwandamo.

Kisha redio, na chemsha bongo ya Jumamosi,
washindi wakitajwa kwa sanduku la posta.
Kisha televisheni ya Bwana Gulamali,
yenye milango miwili ya mbao na kufuli,
nyeupe na nyeusi, na chenga tupu mvua ikinyesha.
Tuliingia kwa thumuni, viatu nje.
Mama yangu, Bi Rukiya, aliingia bure
kwa kuwa mahamri yaliyoliwa humo yalikuwa yake.

Maswali yalikuja kwa Kiingereza.
Kaka yangu Khelef, darasa la saba,
alikaa sakafuni akitafsiri,
jasho likimtoka kama anayeulizwa ni yeye:
"Mama, wauliza mto upi... la, ziwa, ziwa lipi lina kina..."
"Tanganyika!"
Na kengele imeshalia,
bwana wa tai pana ameshapewa pasi ya umeme.
Siku nyingine Khelef alikuwa mwepesi.
Siku nyingine mama hakungoja swali,
alitazama uso tu:
"Huyu hajui. Mwoneni anavyomeza mate."

Akirudi nyumbani alichukua mkaa
akaandika nyuma ya mlango wa jikoni alichoshinda.
Pasi moja. Cherehani. Sabuni, katoni sita.
Rangi zilipoingia kwenye kioo: friji.
Gurudumu lilipoanza kuzungushwa, aliona shaka,
"Hii si akili, hii ni kamari iliyovaa suti,"
lakini gari aliliandika.

Mara moja walikuja kuchagua watu, ukumbini Tononoka.
Alivaa buibui jipya. Alifika mbele ya taa,
na kijana wa kipaza sauti akamuuliza,
kwa Kiswahili safi kabisa,
jina lake.
Akanyamaza.
Miaka ishirini amezoea swali lipitie kwa mtu kwanza.
Aligeuka kumtafuta Khelef.
Watu walicheka. Naye alicheka, njia nzima,
hadi Makadara,
kisha hakucheka.

Siku hizi swali hukutafuta lenyewe,
hutetema mfukoni: Umechaguliwa! Jibu NDIYO.
Mpwa wangu amemaliza ada ya muhula
akibashiri timu za miji asiyoijua,
na hakuna anayempa hata mmoja.

Jana fundi wa rangi, kijana wa Mishomoroni,
alifunga mlango wa jikoni apate kuukwangua,
akasoma kwa sauti, polepole, kama karani wa mirathi:
friji mbili, safari ya Mauritius watu wawili,
fedha taslimu, gari.
"Mama, hii gari iko wapi?"

Chini kabisa, karibu na bawaba,
palikuwa na mstari mmoja usio na zawadi.
Nilikuwa sijawahi kuinama hadi pale.
Mkaa umebonyezwa mpaka umevunjika:
Rukiya binti Famau. Jibu sahihi.

Nikamwambia, paka kote, mlango niachie.
Akauliza kwa nini.
Hujui?
Basi nipe mji.