Karibu Kiasi Gani

Nimeingia Luthuli na kibiriti mfukoni,
ndani yake wadudu watatu na punje moja ya mahindi,
wasife njaa kabla hatujaelewana bei.

Hili ni duka la nane tangu asubuhi.
Kote wameniuliza: unataka ivute mbali kiasi gani?
Wananitoa mlangoni, wananionyesha mlingoti wa simu juu ya ghorofa,
wanauvuta, wanauvuta,
mpaka naona kutu kwenye skrubu zake.
Hakuna aliyeniuliza: karibu kiasi gani?

Mimi ni karani wa ghala, kule Viwandani.
Naandika magunia yakiingia, naandika yakitoka,
na katikati nayasikiliza.
Gunia lenye wadudu lina sauti. Tega sikio:
kama mtu anayetafuna kucha chumba cha pili.
Mimi nasema ni dumuzi.
Bwana Wafubwa, mwenye malori, anasema ni fukusi wa kawaida,
piga dawa, twende kazi.
Fukusi ana mdomo mrefu, umechongoka mbele.
Dumuzi huinamisha kichwa, akakificha chini ya mabega
kama mdeni anayepita dukani.
Tofauti ni hiyo tu, ndogo kuliko nukta ya kalamu,
na juu ya nukta hiyo yamekaa magunia mia sita.

Duka la Mutheu halizidi kitanda kwa upana.
Kamera zimelala juu ya kioo kama samaki sokoni,
midomo wazi.
"Hii ina megapikseli ishirini na nne," anasema.
"Harusi, matanga, mahafali, inakula zote."
Nafungua kibiriti.
Anarudi nyuma hatua moja. Kisha anarudi mbele mbili.

Ile kubwa inanitaka nisimame mbali, urefu wa mkono;
nikisogea inagoma, inanung'unika, picha inakuwa uji.
Lenzi ya kuitibu ipo, anasema,
na bei yake ni mishahara yangu minne, bila kula.
Ya pili inakubali kusogea,
ila pua yake inakaba mwanga:
mdudu anaingia usiku wa kivuli chake.

Ndipo anavuta droo,
anatoa kijikamera chenye mkwaruzo tumboni,
kitu ambacho ungempa mtoto achezee.
Kina kitufe chenye alama ya ua.
Nakibonyeza. Nasogea. Nasogea tena.
Upana wa kidole, na bado kinaona.
Mutheu ameshika kitabu cha risiti ubavuni,
ukurasa mweupe unarudisha mwanga wa mlango.
Tunaziba pumzi, watu wazima wawili,
kwa ajili ya kitu kinachotembea juu ya punje
kama mwenye nyumba.

Kachu.

Mgongo una mashimo mashimo, kama barabara yetu baada ya mvua.
Vipapasio vimekunjwa kama viwiko.
Na mbele, bila aibu, bila shaka yoyote,
mdomo mrefu.

"Kumbe kana uso," Mutheu ananong'ona.
Mimi sinong'oni kitu.
Wiki nzima nimebishana, nimeandika barua mbili,
nimemwita mtu mzima mwongo mbele ya wapagazi wake.
Nampiga wa pili. Mdomo mrefu.

"Elfu tisa."
"Sita."
"Mama, hata wewe umeona kazi yake."
Nimeiona. Ndiyo inayoniuma.
Tunakutana kwenye saba na mia mbili, na betri ya ziada,
nami nahesabu noti polepole, kama anayejilipia faini.

Halafu natazama kibiriti.
Wawili.
Tunainua kamera moja moja, tunainua kioo,
Mutheu anamulika kwa simu yake.
Wa tatu ameshuka mahali fulani kati ya nyaya na mikanda,
na huyo
hatukuwahi kumpiga uso.