Itoka

Alfajiri Soko la Jiji huamka kwa mlio wa ndoo.
Mawaridi hufika yamefungwa magazeti,
yale yaliyokataliwa uwanja wa ndege
kwa shina kupinda, kwa petali kuchubuka.
Mimi huyapokea. Huyavua miiba kwa kisu butu,
huyachomeka kwenye sponji inayokunywa maji kama mlevi,
nikayazungushia mkangaga.
Harusi, mahafali, maziko: mkono ni ule ule.

Akaja Wangeci, Jumanne, udongo mwekundu viatuni,
kagunia begani. Hakuuliza bei.
Akamwaga mezani vitunguu vitano, si vya kupika,
mizizi ingali imeshika ardhi ya Kangemi,
na bua moja lililochanua: kengele nyeupe,
kila petali ina mstari mwekundu katikati
kama daftari la hesabu.

"Shada la mama liwe hili."

Nikamwambia ukweli wa kazi yangu.
Ua hili halivumilii. Likikatwa asubuhi,
jioni limelala kama leso ya jasho.
Na maziko ni lini?
Kesho kutwa, Lang'ata.
Nikamwonyesha waridi. Akanusa moja, akalirudisha ndooni.
"Hili limesahau kunukia."

Akanisimulia nikiwa nafagia majani:
bibi yake alipanda matoka kwenye mpaka
kabla ya ramani, kabla ya mawe ya serikali.
Jina lake itoka, lakini halitoki.
Ami yake alihamisha ua wa waya usiku, mara mbili;
mvua ikanyesha, matoka yakachipua palepale,
yakamsuta bila kufungua mdomo.
Sasa ghorofa saba zimeukalia ule mpaka,
na mama aliyapandisha ngazi mwenyewe,
kopo kwa kopo, hadi varanda ya orofa ya nne,
akayapanga safu moja
baina ya kamba yake ya nguo na ya jirani.

Nikafanya nisilowahi kufanya.
Sikukata.
Nilipinda fito, nikapanga vitunguu vinne, mizizi na yote,
nikavifunga kwa katani,
na lile bua nikaliacha liegemee upande
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Shada likawa zito. Watu wawili walilibeba,
likidondosha udongo sakafuni hadi barabarani,
nami sikufagia siku ile.

Cha tano alikisahau, au aliniachia.
Nimekipanda kwenye kopo la rangi
kati ya meza yangu na ya Kerubo,
ambaye mwaka wa tisa huu
husogeza ndoo zake kwangu, inchi kwa inchi,
akinisalimia vizuri sana.

Machi imeleta mvua. Ncha ya kijani imetokeza,
nene kama kidole gumba.
Kerubo ameitazama kitambo.
Amesonya.
Amevuta ndoo zake.